Magunia ya Tende, Lulu na Asilimia Tano: Urafiki wa Sayyid Said na Marekani

Tarehe 30 Aprili 1840 meli ya Sayyid Said bin Sultan, mtawala wa Maskati (Oman) na Unguja, jina lake Sultana, iliingia bandari ya New York. Ilikuwa na magunia 1,300 ya tende, marobota 21 ya mazulia ya Uajemi, marobota 100 ya kahawa ya Mokha, pembe 108 za ndovu, masanduku 81 ya sandarusi (utomvu mkavu wa kutengenezea vanishi), magunia 135 ya karafuu na ngozi kavu 1,000. Ilibeba pia farasi wawili wa Kiarabu, lulu na upanga uliopambwa dhahabu. Wasimulizi wengi huanza na farasi na lulu. Sisi tuliozoea kupekua mikataba na hesabu za forodha za pwani hii huanza na magunia, kwa sababu urafiki wa dola hizi mbili ulizaliwa sokoni, na kila ulipoyumba baadaye ulikuwa na deni la soko ndani yake.

Miaka kumi na miwili kabla ya hapo, mfanyabiashara Edmund Roberts wa Portsmouth, New Hampshire, alifika Unguja na mali yake akakuta mambo hayamwendei. Bei haikuwa huru, na wakubwa wa bandari walikuwa na mkono katika kila alichouza. Januari 1828 alipata nafasi ya kuonana na Sayyid Said mwenyewe, aliyekuwa amekuja kutoka Maskati, akamwaga malalamiko yake. Sayyid hakumfukuza wala hakumridhisha kwa maneno matamu. Alimwambia jambo la maana kuliko yote mawili: serikali yake ije ifunge mkataba. Waingereza walikuwa na wao tayari, na Mmarekani asiye na mkataba alikuwa mgeni tu anayetegemea huruma ya bandari.

Roberts aliporudi kwao alimwandikia Levi Woodbury, mtu wa jimbo lake aliyekuwa seneta na baadaye Waziri wa Jeshi la Majini. Mwaka 1832 Rais Andrew Jackson alimtuma Mashariki kwa manowari ya Peacock. Ujumbe ulikuwa wa siri, kwa hiyo katika orodha ya meli Roberts aliandikwa kama karani wa nahodha. Hila hiyo ilikuwa na faida na hasara. Ilizuia wapinzani wa kibiashara wasipate habari mapema, lakini mtu anayeshuka bandarini kwa cheo cha karani hupata taabu kueleza kwamba yeye ndiye mjumbe wa mkuu wa nchi.

Taabu hiyo ilionekana Vietnam mwanzoni mwa 1833. Mazungumzo yalizama katika adabu za barua: rais aitwe nani, barua yake iandikwe kwa unyenyekevu kiasi gani, nani aisome kwanza. Roberts aliondoka mikono mitupu. Siam (Thailand ya leo) mambo yalikwenda, na mkataba ukatiwa saini Machi 1833. Kisha ikaja zamu ya Maskati, na huko kazi ilikwisha kwa siku chache tu za Septemba, kwa kuwa mwenyeji ndiye aliyeomba mkataba kwanza. Saini zilitiwa tarehe 21 Septemba 1833, na hati yenyewe ikaandika tarehe mbili, ya Kikristo na ya Hijria: mwezi 6 Jumada al-Awwal 1249.

Mkataba wenyewe una vifungu tisa tu, vifupi. Ukitaka kujua kwa nini ulidumu, soma vile vinavyogusa mfuko.

Kifungu cha ushuru kilisema mali ya Mmarekani inayoshushwa italipiwa asilimia tano, basi. Ndani ya hiyo tano mliingia ushuru wa kuingiza na wa kutoa, ada ya uzito wa meli, leseni, rubani na nanga. Mali iliyobaki melini bila kuuzwa na kuondoka nayo haikulipiwa kitu. Kwa nahodha wa Salem, bandari ya Massachusetts, hiyo ilikuwa nafuu kubwa. Aliweza kufika Unguja, akashusha nguo za reale 10,000 (reale ndiyo sarafu ya fedha ya pwani), akalipa 500, na kama soko la hapo lilikuwa limejaa, akasogea na zilizobaki kwenda Mombasa au Maskati bila kutozwa kwa kile alichokiacha ndani. Kabla ya hapo asingeweza hata kukadiria faida yake kabla ya kung'oa nanga nyumbani, kwa kuwa hakujua ataombwa nini na nani.

Kifungu cha bei kilikataza maofisa wa Sayyid kupanga bei ya kununua au kuuza. Kulikuwa na mwiko mmoja: bunduki, baruti na risasi katika kisiwa cha Unguja zisiuzwe kwa mtu yeyote isipokuwa serikali. Si vigumu kuona sababu. Mazrui wa Mombasa walikuwa bado hawajanyenyekea, na mji ule haukuingia mikononi mwa Sayyid mpaka 1837. Kumwachia Mmarekani auze bunduki popote kungekuwa kumpa adui silaha kwa ushuru wa asilimia tano.

Kifungu tunachokipenda zaidi ni cha ajali za baharini. Meli ya Marekani ikivunjika katika mwambao wa Sayyid, waliookoka watatunzwa kwa gharama ya Sayyid hadi wapate njia ya kurudi kwao, na sababu imeandikwa humo humo: Sayyid hawezi kamwe kupokea malipo kwa kumsaidia aliyepatwa na msiba. Mikataba mingi ya zama zile hupanga marejesho ya gharama, kila upande na daftari lake. Hapa mwenyeji alikataa daftari. Mwambao ule ulikuwa na watu waliozoea kuhesabu jahazi lililokwama kuwa riziki, kwa hiyo ahadi ile ilihitaji mkono wa mtawala.

Ilijaribiwa mapema kuliko mtu alivyotarajia. Septemba 1835 Peacock ilikuwa inarudi Maskati na hati iliyoridhiwa, ikapanda mwamba karibu na kisiwa cha Masira. Ili kuipunguzia uzito walitosa baharini sehemu ya mizinga yao, na majahazi ya watu wa pwani yakaanza kuizunguka kwa nia isiyofichika. Roberts alichukua mashua ndogo akaenda Maskati kuomba msaada. Sayyid alituma meli na watu, na baadaye mizinga iliyotoswa ikaopolewa na kurudishwa kwa Wamarekani bila kutozwa hata reale. Tarehe 30 Septemba hati zilibadilishana mikono. Hesabu muda: saini 1833, idhini ya Washington 1834, kubadilishana hati 1835, tangazo rasmi Marekani 1837. Karibu miaka minne kwa mkataba wa vifungu tisa ambao hakuna aliyeupinga kwa dhati. Barua ilisafiri kwa tanga, na ikikosa msimu ilisubiri mwingine.

Katika mzigo wa Roberts wa 1835 kulikuwa na zawadi ambayo hadithi yake imeizidi thamani ya zawadi nyingine zote. Washington iliagiza seti ya sarafu zote za nchi kwa ajili ya watawala wa Maskati na Siam. Tatizo ni kwamba dola ya fedha ilikuwa haijatengenezwa kwa karibu miaka thelathini. Wachongaji wa kiwanda cha sarafu walitazama vitabu vyao, wakaona dola za mwisho zimeandikiwa hesabu ya 1804, wakachonga muhuri mpya wenye mwaka huo. Hawakujua kwamba dola zilizotengenezwa 1804 zilibeba muhuri wa miaka ya nyuma. Hivyo ikazaliwa sarafu ambayo kwa haki haikupasa kuwepo. Za kundi lile la kwanza zinazojulikana leo ni nane. Moja, inayoaminika kuwa ndiyo aliyopewa Sayyid Said, iliuzwa kwa mnada 1999 kwa dola 4,140,000. Yeye aliyeipokea yaelekea aliiona ni sarafu ya fedha nzuri, nyepesi kidogo kuliko reale ya Maria Theresa ambayo kila duka la Unguja liliijua.

Roberts hakuishi kufaidi. Alikufa Macau Juni 1836, akiwa njiani na ujumbe mwingine.

Mkataba uliruhusu Marekani kuweka balozi. Neno hili lina safari yake: lilitufikia kwa njia ya Waturuki, nao walilipata kwa Waveneti, na Unguja liliwahusu kwanza hawa makonseli waliokaa kando ya bandari kulinda wafanyabiashara wao. Balozi wa kwanza wa Marekani Unguja alikuwa Richard Waters wa Salem, Massachusetts, aliyefika Machi 1837. Uwezo wake kwa mujibu wa hati ulikuwa mkubwa. Ugomvi wa Mmarekani na Mmarekani ulikuwa wake peke yake kuuamua. Hakuruhusiwa kukamatwa, na mali yake haikuruhusiwa kufungwa.

Kitu ambacho hakuwa nacho ni mshahara. Mabalozi wengi wa Marekani wakati ule waliishi kwa ada ndogo za mihuri na kwa biashara yao wenyewe, na utaratibu ulianza kubadilika kwa sheria ya 1856 tu. Tatizo la mpango huo lilionekana waziwazi Unguja. Mtu yule yule aliyetakiwa kuwalinda Wamarekani wote kwa usawa alikuwa anashindana nao dukani. Waters alielewana na Jairam Shivji, mkuu wa forodha, na hapo ndipo mambo yalipogeuka.

Forodha ya Unguja wakati ule haikuendeshwa na maofisa wa serikali kama tunavyoijua leo. Ilikodishwa. Nyumba ya biashara ya Kibaniani ya Shivji Topan, kisha mwanawe Jairam, ilimlipa Sayyid kiasi maalumu kila mwaka, halafu ikakusanya ushuru kwa faida au hasara yake. Mwenye forodha alijua nani kaleta nini, kwa bei gani, na nani ana deni kwa nani. Alikuwa benki, wakala na mkusanya ushuru kwa wakati mmoja. Balozi akishikana mkono na mtu huyo, Mmarekani wa tatu akija na meli yake hukuta pembe nzuri zimeshachukuliwa na nguo zake zinangojea ghalani. Malalamiko ya Wamarekani wengine dhidi ya Waters yalianza mapema, na mengi yalikuwa na msingi. Kifungu cha bei huru hakikuvunjwa hata neno moja, kwa kuwa hapakuwa na ofisa aliyepanga bei. Bei ilipangwa na watu wawili waliokubaliana.

Hata hivyo biashara ilishamiri. Kati ya Septemba 1832 na Mei 1834, kabla hata hati hazijabadilishwa, meli za kigeni 41 zilifika Unguja, na 32 kati ya hizo zilikuwa za Marekani. Waingereza walikuwa na 7. Salem peke yake ilileta nyingi kuliko bandari zote nyingine za Marekani. Zilileta nguo nzito ya pamba isiyopaushwa, ambayo watu wa pwani na bara waliiita kwa jina la nchi ilikotoka: amerikani, au merikani. Zilirudi na pembe, ambazo sehemu yake kubwa iliishia Connecticut kutengeneza vibao vya piano, na sandarusi ya kutengenezea vanishi. Sandarusi ilifika Salem ikiwa na gamba la mchanga na udongo kama ilivyochimbwa Mrima, pwani ya bara, ikaoshwa huko kiwandani mpaka likaonekana lile gamba lake la vipele.

Nguo ndiyo iliyokuwa na hesabu ngumu kwa mgeni. Bara haikupimwa kwa yadi. Shuka ilikuwa mikono minne, doti mikono minane, na jora ni pande zima kama lilivyotoka kiwandani. Mkono ni kutoka kiwiko hadi ncha ya kidole cha kati, na kila mnunuzi mwenye akili alimleta mtu mwenye mkono mrefu apime. Kiwanda kikipunguza upana au uzito wa uzi kidogo, hongo ya mtemi na posho ya wapagazi zilikataliwa siku hiyo hiyo. Amerikani ilipendwa kwa uzito wake. Mtu aliijua kwa kuifinya.

Basi Sayyid alipoamua kupeleka meli yake mwenyewe New York, alikuwa anafanya hesabu rahisi: kwa nini faida ya safari ya pembe na nguo iwe ya watu wa Salem tu? Sultana ilijengwa Bombay 1833, meli ya vita yenye mizinga 14, na ilipakiwa kwanza Maskati kisha Unguja. Iliondoka Unguja Februari 1840, kaskazi ikiwa bado inavuma. Ukichelewa hadi masika, kusi linakujia usoni na shehena ya tende inaanza kuharibika bandarini. Iliteremka kusini, ikazunguka Rasi ya Tumaini Jema, ikagusa Saint Helena, kisha ikafuata pepo za Atlantiki hadi Marekani.

Mjumbe alikuwa Ahmad bin Naaman al-Kaabi, mzaliwa wa Basra na karani wa Sayyid. Alikuwa na kazi mbili ambazo ni vigumu kuzishika kwa mkono mmoja. Alitakiwa auze shehena kwa faida na anunue ya kurudi nayo, na papo hapo awe sauti ya mtawala. Shehena ilikabidhiwa nyumba ya biashara ya Barclay na Livingston, jambo la busara. Mjumbe anayebishana bei ya karafuu hadharani asubuhi hawezi kukaa na heshima yake kwenye karamu jioni.

Kasoro kubwa ya safari ilikuwa juu ya sitaha. Mwongozaji wa meli, Mwingereza William Sleeman, alikuwa mlevi, na meli ilifika ikiwa imechakaa. Hapo serikali ya Marekani ilifanya tendo la wema ambalo tunadhani lilikuwa na uzito kuliko karamu zote: Sultana ilipelekwa kwenye gati la jeshi la majini huko Brooklyn, ikakarabatiwa kwa gharama ya serikali. Deni la Masira lilikuwa limelipwa kwa namna yake. Sleeman hakurudi nayo. Aliajiriwa Sandwith Drinker wa Philadelphia, na meli iling'oa nanga Agosti ikawasili Unguja Desemba 1840.

Katika miezi ile mitatu na kitu New York ilimshangilia Ahmad. Watu walijazana gatini kuwatazama mabaharia wenye vilemba, kiasi cha kuwa kero. Mjumbe alipandishwa treni ya Long Island, akatembezwa kwenye gati la jeshi, na mchoraji Edward Mooney akamchora akiwa na kilemba na joho, ndevu nyeusi, uso mtulivu. Picha ile ndiyo inayomfanya leo ajulikane zaidi kuliko watu wengi waliokuwa na vyeo vikubwa kuliko yeye.

Kisha zikaja zawadi, na zikaleta mtihani ambao Ahmad hangeweza kuujua akiwa Mtoni, kasri la Sayyid huko Unguja. Katiba ya Marekani, kifungu cha kwanza, sehemu ya tisa, inamkataza mwenye cheo cha serikali kupokea zawadi yoyote kutoka kwa mfalme au dola ya kigeni bila idhini ya Kongresi. Rais Martin Van Buren aliandikiwa kuwa Sayyid amemletea farasi, lulu, manukato ya waridi, shali za Kashmiri na zulia. Alijibu kwa adabu kwamba sheria inamfunga. Kwa adabu za Maskati jibu hilo lilikuwa balaa. Zawadi ya mtawala kwa mtawala haikataliwi, na mjumbe akirudi nazo ni kama amerudi na tusi. Ahmad hakuwa na uwezo wa kuzirudisha, na Van Buren hakuwa na uwezo wa kuzipokea.

Njia iliyopatikana inafaa kusomwa polepole na yeyote anayeandaa zawadi za kiserikali hata leo. Rais hakukubali kwa jina lake. Aliliarifu Kongresi, nalo likapitisha azimio mwezi Julai 1840 kuruhusu zawadi zipokelewe kwa niaba ya nchi, zile zinazofaa kuuzwa ziuzwe, na fedha ziingie hazina. Azimio lile lile lilishughulikia mzigo mwingine wa aina hiyo, simba wawili wa Sultani wa Morocco ambao balozi wa Marekani mjini Tangier alilazimika kuwapokea mlangoni kwake 1839. Farasi wa Sayyid walipigwa mnada. Lulu na vitu vya thamani viliwekwa Washington katika jengo la hati za uvumbuzi vitazamwe na umma, na 1848 wezi waliingia humo wakaiba vito, pamoja na lulu zile.

Marekani nayo ilirudisha zawadi: mashua ya anasa iliyokamilika vifaa, vioo vikubwa, na bunduki na bastola za kufyatua mara nyingi bila kujaza upya. Hizi zilichaguliwa vizuri. Mashua ilitumika katika bandari ambayo kila kitu hupita majini, na silaha mpya zilikuwa za kumpendeza mtawala aliyekuwa na vita.

Ulinganishe na walivyofanya Waingereza. Mwaka 1836 Sayyid alimpa Mfalme William IV manowari kubwa ya mizinga 74, Liverpool, iliyojengwa Bombay. Waliipokea wakaiita Imaum. Kwa malipo wakampa jahazi la starehe, Prince Regent, lililojaa mapambo ambayo hayakumfaa kitu. Aliligawa baadaye kwa Gavana Mkuu wa India. Halafu likaja gari la kifahari la kukokotwa na farasi kutoka kwa Malkia Victoria, wakati Unguja haikuwa na barabara ya kulipitisha. Alipewa gari mtu ambaye mji wake una vichochoro ambavyo punda wawili wenye mizigo wakikutana, mmoja hurudi nyuma. Mtoaji zawadi asiyeuliza njia inapanaje hujichekesha mwenyewe.

Urafiki na Marekani haukuwa na mwendo mmoja. Jambo lililokuwa likiuchoma zaidi lilikuwa Mrima. Sayyid alitaka pembe na sandarusi za pwani iliyo mkabala na Unguja zipite mikononi mwa watu wake tu, kisha wageni wazinunue Unguja. Katika mkataba na Waingereza wa 1839 aliandika hilo waziwazi: kutoka Mtangata hadi Kilwa, pembe na sandarusi zilikuwa mwiko kwao. Ule wa Marekani wa 1833 haukuwa na mstari huo. Ulisema Wamarekani wana ruhusa ya kuingia bandari zake zote. Ndipo balozi wa Marekani akawa na hoja ya maandishi na Sayyid akawa na hoja ya desturi, na hakuna aliyekuwa anasema uongo. Mstari mmoja uliosahauliwa 1833 uliwasumbua kwa miaka.

Hasira ya pili ilikuwa bendera. Balozi Charles Ward aliondoka Unguja 1850 akiwa amevimba, kwa sababu ya mambo ya biashara na kwa sababu ya mizinga ya heshima aliyoona bendera yake imenyimwa. Desemba 1851 manowari ya mvuke Susquehanna, chini ya Kamanda Aulick, ilitia nanga mbele ya mji kuja kuuliza. Mambo yalitulizwa. Lakini fikiria: miaka kumi na sita baada ya mizinga iliyookolewa Masira bure, dola mbili zinazodai urafiki zilikuwa zinahesabiana milio ya mizinga.

Kuna jambo ambalo wapenzi wa hadithi ya Sultana hulikwepa. Katika vifungu vyote tisa utumwa hautajwi. Karafuu za magunia yale 135 yaliyokwenda New York zilitoka katika mashamba yaliyolimwa na watumwa, na pembe nyingi zilibebwa hadi pwani katika misafara iliyochanganya wapagazi wa kukodi na watu waliofungwa minyororo. Upande wa pili, pamba ya viwanda vya Massachusetts ililimwa na watumwa wa majimbo ya kusini. Mtu wa Salem aliyesali Jumapili na mtu wa Unguja aliyeswali Ijumaa walielewana haraka mezani kwa kiasi fulani kwa sababu hakuna aliyekuwa na haja ya kumuuliza mwenzake swali hilo. Uingereza ililiuliza, kwa sababu zake, na ndiyo maana mazungumzo yake na Sayyid yalikuwa mazito zaidi.

Sayyid Said alikufa baharini Oktoba 1856, akitoka Maskati kwenda Unguja, na dola yake ikagawanywa kati ya wanawe. Mkataba wa 1833 haukufa naye. Upande wa Unguja ulithibitishwa upya kwa mkataba wa 1886. Upande wa Maskati uliendelea kutajwa kama sheria hadi ulipobadilishwa na mkataba mpya uliotiwa saini Salala mwaka 1958.

Biashara haikuwa na bahati hiyo. Vita vya wenyewe kwa wenyewe Marekani vilipoanza 1861, pamba ya kusini ilikatika, na meli za Salem zikaanza kuja na mikono mitupu au zisije kabisa. Kifungu cha asilimia tano hakikuwa na dawa ya hilo. Nguo za Uingereza zikaingia pengo, na baadaye za Bombay. Lakini mnunuzi wa Tabora na Ujiji aliendelea kuuliza amerikani, akaifinya, akaipima kwa mkono, na mwenye duka akampa ile ya Bombay kwa jina hilo hilo.